Mia Nne ya Nini?

Mchele wangu nanunua Ladypool Road, kwa Msomali mmoja aliyelelewa Nairobi, na Jumamosi moja nilimwambia kwamba bango lake lina makosa. Alikuwa ameandika 5KG, herufi kubwa zote mbili, zimebanana na ile tano kana kwamba zinaogopa baridi. Nikamweleza kwa ule upole wa walimu, ambao si upole hata kidogo, kwamba K kubwa ni alama ya Kelvini, ambayo ni kizio cha joto; kwamba kilo ni k ndogo na gramu ni g ndogo; na kwamba kati ya namba na kizio chake huachwa nafasi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanne na mtoto analia.

“Kwa hivyo madam, hii rice yangu iko na homa?” akauliza.

Foleni nzima ikacheka. Hata yule mtoto alinyamaza ili asikie vizuri. Nikalipa, nikabeba mchele wangu wenye homa. Wiki iliyofuata nilikuta amelirekebisha bango kwa ajili yangu: ameongeza kiduara cha nyuzi joto kabla ya K. Sasa, Kelvini haiwekewi kiduara. Nilifunga mdomo, lakini kwa taabu, na nilipofika nyumbani nikamsimulia binti yangu, ambaye amezaliwa hapa hapa Birmingham, anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza.

“Mum,” akasema, “you need help.”

Nasimulia haya mapema ili ijulikane kwamba yaliyonipata kazini, kule Tyseley, hayakuniangukia tu. Nilijitafutia mwenyewe, kwa bidii, kwa miaka mingi.

Kenya nilifundisha fizikia miaka kumi na minne katika shule ya bweni ya wasichana. Msichana akisimama na kusema jibu ni kumi, mimi nilikuwa nauliza, “Kumi ya nini? Kumi ya mbuzi? Kumi ya mandazi?” Darasa linacheka, yeye anainamisha kichwa, nami nakata maki. Nilimkata maki aliyeandika sec badala ya s. Nilimkata aliyeandika newtoni kwa n ndogo kwenye alama yake, kwa kuwa alama ya kizio kilichopewa jina la mtu hupewa herufi kubwa. Nilimkata aliyeweka kiduara kwenye Kelvini, na huyo nilimwandikia pia neno moja au mawili pembeni kwa wino mwekundu. Nilijiona mlinzi wa lango. Lango la nini, hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi sikuona haja ya kujiuliza.

Hapa nilianza kama wengi wetu tulivyoanza, katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwenye friji ya dawa palibandikwa karatasi ambayo kila asubuhi mmoja wetu aliandika joto la ndani. Wenzangu waliandika 4, au 5, wakaendelea na kazi zao. Mimi nilikuwa napita baadaye na kalamu, naweka nafasi, kiduara, C, mstari kwa mstari, huku mzee wa chumba cha tatu akinisubiri nimvalishe soksi. Na kipindi hicho hicho binti yangu alinitumia ujumbe kutoka shuleni kwamba anaumwa, amepimwa, ni 38.5. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamjibu: 38.5 what?

Nilimwendea, bila shaka. Nilikimbia hadi kituo cha basi na aproni bado nimeivaa. Lakini lile jibu niliandika kwanza, na yeye hajalisahau, na nikilikumbuka naona aibu mpaka leo.

Basi nilipopata kazi Tyseley, nililia kwa furaha jikoni kwangu. Ni karakana ya kupasha chuma moto. Watu wanaotengeneza visu vya mashine na vyuma vya kukatia bati hutuletea kazi yao ikiwa laini, nasi tunaipasha hadi iwe nyekundu, tunaitosa kwenye mafuta, inatoka ngumu sana. Ngumu kiasi kwamba ukiiangusha sakafuni inaweza kuvunjika vipande viwili. Kwa hiyo inapashwa mara ya pili, kwa moto mdogo wa saa kadhaa, ili itulie. Hiyo sisi tunaiita kutuliza, na moto wa kutuliza ukizidi, ugumu wote unaondoka na kisu hakikati tena. Ajabu ni kwamba yote hayo nilikuwa nimeyafundisha ubaoni bila kuwahi kuyaona. Sasa nilikuwa nayaona, nayanusa, na nalipwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga kumbukumbu za kadi zilizokwisha kutumika, maana wakaguzi wa mteja mmoja mkubwa walikuwa wanakuja. Niliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Meneja, mwanamke wa hapa hapa mjini asiyependa maneno mengi, alinionya jambo moja tu siku ya kwanza: kadi zilizo kwenye rafu, zinazosubiri kazi, nisiziguse. Hizo ni za watu wa matanuru.

Mtu wa matanuru ya kutuliza alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mzee wa miaka sitini kasoro, ambaye ujana wake wote ulipita kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba. Alikuwa mtu wa kwanza pale kunisalimu kwa Kiswahili, na aliposikia nilikuwa mwalimu akaanza kuniita Mama Mwalimu, na mimi nikawa namwita mzee. Alikuwa hodari mno. Alikuwa anavuta trei, anaangalia rangi ya chuma, na kabla mashine ya kupimia ugumu haijawashwa anakuambia itasoma ngapi. Lakini kadi zake! Kila kadi ilikuwa na safu ya moto wa kwanza na safu ya moto wa pili, na kwenye safu ya pili mzee aliandika namba kavu. 350. 400. Hakuna nafasi, hakuna kiduara, hakuna herufi.

Wiki yangu ya pili nilimfuata.

“Mzee, hii mia nne ni ya nini?”

Akaiangalia kadi kama ndiyo yenye matatizo. “Ya kutuliza.”

“Naona. Lakini mia nne ya nini?”

“Mama Mwalimu, huku bote banajua.”

“Wanajua nini?”

“Banajua tu. Namba iko pale. Voilà.”

Mtu mwenye akili timamu angeuliza tena. Mimi nilishajua jibu lake ni kosa, kwa hiyo sikuhitaji kulisikia. Nilimpa mhadhara mfupi juu ya vizio nikiwa nimesimama kati yake na tanuru lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akaniomba nisogee kidogo.

Mwezi wangu wa nne pale, Jumatatu moja, nilipita karibu na rafu ya kadi zinazosubiri. Zilikuwa kumi na moja. Safu ya kwanza zote zilikuwa na °C, maana hiyo huchapwa ofisini. Safu ya pili zote namba kavu, kumi na moja, kama watoto waliotolewa nje bila viatu. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nilikuwa na kalamu nyeusi, ile ile wanayotumia wote pale. Kila namba nikaiongezea °C, nikiacha nafasi safi kabla ya kiduara, kama inavyotakiwa, na sitaficha: nilijisikia vizuri sana. Nilikwenda kunywa chai nikiwa na furaha ya mtu aliyelisha wenye njaa.

Sasa jambo ambalo bote walikuwa banajua, isipokuwa mimi, ni hili. Mle karakanani kulikuwa na matanuru mawili ya kutuliza. Moja lilikuwa jipya, lenye namba zinazowaka, linasoma Selsiasi. La pili lilikuwa la zamani, la Kimarekani, lina saa ya kupimia joto, ya mviringo yenye mshale, na saa hiyo inasoma Farenhaiti. Namba kavu kwenye safu ya pili maana yake ilikuwa moja tu tangu kabla binti yangu hajazaliwa: peleka kwenye lile la zamani, sukuma mshale mpaka hapo. Kazi ya tanuru jipya ilikuwa na kadi zake za rangi nyingine. Miezi minne nilipita mbele ya ile saa ya mviringo kila siku, mimi mwalimu wa fizikia, na sikuwahi kuinamia kioo nikasoma herufi iliyo chini yake.

Siku ile ile mchana mlango wa tanuru la zamani ukagoma kufunga. Kijana wa shifti ya jioni akachukua kadi, akasoma 400 °C, akaona tanuru jipya linasoma Selsiasi na liko tupu, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya.

Asubuhi nilimkuta mzee amesimama mbele ya trei, glavu mkononi. Vyuma vile vilitakiwa kutoka na rangi ya manjano hafifu, kama chai iliyochujwa mara ya pili. Vilikuwa vya kijivu.

“Hii ilipikwa na nani?” akasema polepole. “Hii haiko mia nne yangu.”

Nilipiga hesabu palepale, kwa kuwa hesabu ndiyo kitu ninachokijua. Mia nne toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Mia mbili na nne nyuzi za Selsiasi. Tulikuwa tumevituliza vyuma vya mteja kwa karibu mara mbili ya moto wake, na mimi ndiye niliyetoa maagizo, kwa mwandiko mzuri. Mzee akachukua kadi. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko kadi inavyostahili. Kisha akaniangalia, akairudisha mahali pake, akaenda kukagua ule mlango uliogoma.

Nilikimbilia rafuni nikafuta °C zangu kwenye kadi kumi zilizobaki, kwa kucha na mate, kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu. Ile ya kumi na moja, nilipogeuka, meneja alikuwa ameshaichukua.

Hapo ilikuwa saa mbili. Meneja alituita saa nne. Saa mbili nzima nilikaa na faili zangu nikijua, na sikwenda kusema. Nilijiambia kwamba namalizia kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliiona nyumba ya wazee, ile karatasi kwenye friji, na binti yangu akiniuliza kwa nini nimerudi mapema. Na nilijua jambo jingine, na hili ndilo baya zaidi: mzee alikuwa na barua ya onyo kwenye faili lake, ya mwaka uliopita, kwa kushika trei bila glavu. Meneja alishamwambia mbele ya watu kwamba kosa jingine likitokea ataondolewa kwenye matanuru, arudishwe uwanjani kusukuma mikokoteni. Barua ile niliipanga mwenyewe kwenye kabati, na tarehe yake nilikuwa nimeisahihisha.

Tulisimama kuizunguka meza ya kupimia ugumu: meneja, mzee, na mimi. Kijana wa jioni alikuwa kwake amelala na hakuwa na kosa. Meneja aliweka kadi mezani. Akasema, kwa kile Kiingereza cha hapa kinachoshuka mwishoni, kwamba vyuma vyote vimelainika, kwamba itabidi vianze upya na vingine vitapinda, na kwamba anataka kujua ni nani aliyeandika Selsiasi kwenye kadi ya tanuru la zamani.

Nilikusudia kusema. Naapa nilikusudia. Nilijipa sekunde tatu nivute pumzi, 3 s, alama yake s ndogo, haina wingi wala nukta mwishoni. Ndiyo mambo yaliyokuwa yakipita kichwani mwangu wakati ule. Sekunde ya pili ikanikuta bado navuta pumzi.

“It’s me,” akasema mzee. “Me, I wrote.”

Meneja akamtazama. Miaka tisa mtu huyu hajawahi kuandika kitu baada ya namba, na leo anadai ameandika. Hakubishana naye. Alichukua kipande cha karatasi, akakiweka mbele yake, akampa kalamu, akamwambia aandike tena vile vile alivyoandika.

Mzee akavua glavu. Akaandika 400. Haraka, vizuri, kama alivyoandika maelfu ya mara. Kisha kalamu ikasimama. Alinitupia jicho la wizi, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani. Uso huo nilikuwa nimeuona madarasani kwa miaka kumi na minne na kila mara niliukatia maki. Akainama tena. Akaibandika C kwenye sifuri ya mwisho, bila nafasi. Akafikiri. Halafu akachora kiduara baada ya C, kikubwa, kama yai.

Kila kitu kilikuwa kimekosewa. Sijawahi kuona kitu kilichoandikwa kwa wema kama kile.

Nikaichukua kalamu mkononi mwake. Chini ya mwandiko wake nikaandika 400, nikaacha nafasi, nikaweka kiduara, nikaweka C. Kisha nikasukuma karatasi na kadi zikae pamoja. Meneja aliangalia moja, akaangalia nyingine. Akasema ameiona nafasi ile kabla ya kiduara kwenye kila ripoti yangu kwa miezi minne na hakuna mtu mwingine Tyseley nzima anayeiweka. Alikuwa anajua tangu asubuhi. Alikuwa anasubiri kuona nitachukua muda gani kusema.

Majaribio yangu yaliongezwa miezi mitatu. Nikapata barua yangu ya onyo, ambayo nilitakiwa kuipanga mwenyewe kwenye kabati, na safari hii sikusahihisha kitu. Vyuma vilianza upya, vinne vilipinda. Mzee alibaki kwenye matanuru.

Wakati wa chai nilimfuata nje, alikokuwa amekaa juu ya kreti anamenya chungwa.

“Mzee, kwa nini ulisema ni wewe?”

“Weye uko mu essai bado, mu majaribio. Bangekufukuza leo leo. Mimi mikokoteni minaijua.”

“Ningesema. Nilikuwa nakaribia kusema.”

“Ndiyo,” akasema kwa adabu. Akanipa nusu ya chungwa. “Na weye ukirudia kwa bale bazee ulinielezea, Mama Mwalimu, utabasahihisha na bao. Maskini bazee.”

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki ipi ilianza. Nyumbani nilimwambia binti yangu yote, hata zile saa mbili. Alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani. Nilipofika kwenye mia nne aliweka kijiko chini, akaniangalia bila huruma yoyote.

“Four hundred what, Mum?”

Nilistahili.

Wakaguzi walikuja wakaondoka. Waliagiza kwamba kila namba kwenye kadi iwe na kizio chake, yaani nilikuwa sahihi, na sijawahi kufurahishwa kidogo namna ile na kuwa sahihi. Meneja akapanga kwamba mzee aandike namba na mimi niandike kinachofuata, tukiwa pamoja, mbele ya tanuru lenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi saa moja na nusu nasimama karibu naye. Anaandika namba yake haraka, ananipa kalamu, na anasubiri.

“Mzee,” namwambia, “mia nne ya nini?”

Swali hilo nimewauliza wasichana wengi sana, na kila mara jibu nilikuwa nalo mfukoni. Sasa sina. Anainama, anafuta kioo cha ile saa ya zamani kwa kidole gumba, anasoma herufi iliyo chini yake, ananiambia. Mpaka aniambie, kalamu yangu haigusi kadi.